Habari za Waandishi Wetu, Robo ya Tatu

Ndugu wasomaji,
mwaka jana mlikuwa mia moja na tisa,
mwaka huu, alhamdulillahi, mko mia moja na saba
(mmoja kahamia Mpeketoni, mmoja anatudai pesa zake).
Habari ni hizi.

Mwanamkuu Shekuwe amemaliza.
Miaka sita tukimwuliza alijibu "karibu",
Jumanne akapanda ngazi zetu, juu ya duka la fundi cherehani,
na madaftari kumi na moja ndani ya mfuko wa unga wa ngano.
Akayaweka mezani, akaomba maji.
Juu ya mwisho wake hakusema neno.
Nimeusoma. Nami sisemi.

Kadzo Karisa aliwasomea watoto wa Maweni, Malindi.
Waliohudhuria ni kumi na wanne,
pamoja na fundi aliyeitwa kwa ajili ya feni.
Fundi alikaa mpaka mwisho, akanunua nakala.
Feni bado haizunguki.

Vitabu vya Tima Skanda vimefika kutoka kwa mchapaji,
mabunda manne, basi mpaka Mokowe, kisha boti, kisha punda,
na ukurasa wa sitini na nne, nakala zote mia tatu,
umesimama kichwa chini miguu juu.
Tima alicheka hadi akakohoa:
ndipo hapo bwana harusi anapoanguka ngazini.
Bei imepungua shilingi hamsini.

Tuzo: hatukupata.
Barua ya kutukatalia iliandikwa kwa adabu.

Sasa la Famau Lali.
Diwani yake ilikuwa itoke Rajabu. Kuchelewa ni kosa langu.
Mimi ndiye mhesabu mizani wa nyumba hii,
hugonga meza kwa kidole, nane kwa nane,
neno likizidi hulichomoa kama mwiba wa samaki.
Ubeti wa arubaini na mbili, ukwapi:
*Nilibisha mlango wetu.*
Gonga. Ni tisa.
Nikaandika pembeni, wino mwekundu: *mlangoni.*
Nane. Mshororo umepona.
Akaufuta wino wangu.
Nikarudisha. Akafuta tena, karatasi ikatoboka.

Akaja mwenyewe, kanzu imemganda mgongoni,
hakukubali kiti. "Ndoo," alisema.
Nikamfuata kutoka Langoni, kichochoro hiki, kichochoro kile,
hadi Mkomani, mbele ya mlango wa nakshi
uliopakwa mafuta juzi, pete zake za shaba zametameta,
kando yake kengele ya umeme
na kibao chenye jina la hoteli.
Alizaliwa humo. Mamake alifia humo, chumba cha ndani.
Walirithi ndugu saba,
wakauza kwa bei inayogawika kwa saba.

"Mlangoni," alisema Famau, "ni kwa yeyote.
Mgeni na begi lake hubisha mlangoni.
Nikiitoa hiyo *wetu* nimeiuza nyumba mara ya pili,
na safari hii nimeuza peke yangu."

Mlango ukafunguka. Kijana mwenye sare
akatuuliza kama tumeweka nafasi.
Famau akamjibu: "Bado."

Basi diwani inatoka Ijumaa ya pili ya mwezi ujao,
baada ya alasiri, hapa hapa ofisini.
Kahawa ipo, halwa ipo, viti havitoshi.
Tisa imebaki tisa.
Atakayeusoma kwa sauti atajikwaa hapo, na ajikwae.
Mimi, usiku ule wa kusahihisha mara ya mwisho,
kidole kilifika nane
kikabaki hewani, hakijui pa kushukia.

Tanbihi:
wewe unayetudai, bahasha yako
iko chini, kwa fundi cherehani.
Ukija, panda. Ngazi ya tatu imelegea.